Alama Tatu za Khalid

Anisa alikuwa mtoto wa kuhesabu. Kuna watoto wa kulia, kuna wa kula udongo, na kuna wa kuuliza maswali mpaka mgeni anaaga kabla ya chai. Huyu alihesabu. Alihesabu ngazi za duka la mama yake mjini Eldoret, akahesabu nguzo za stima kutoka barabara kuu mpaka kwao Kimumu, na akiingiwa na hofu alihesabu chochote kilichokuwa mbele yake, hata meno ya mtu anayemgombeza. Usimcheke. Mama yake, Habiba, alikuwa muuza vitambaa, na kila asubuhi akifungua mlango wa duka alisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mtoto akilisikia neno hilo kwa miaka kumi, huwezi kumlaumu akiamini kwamba kitu kikishahesabiwa hakipotei tena.

Basi Jumamosi moja ya Agosti, shule zimefungwa na baridi ni ile ya kuvaa sweta mbili, Mama Habiba alimwachia Anisa mdogo wake, Khalid.

"Nikirudi saa nane nimkute mzima. Umesikia?"

"Nimesikia, Hooyo," Anisa akajibu. Kwao mama aliitwa Hooyo, baba akaitwa Aabo, na dada mkubwa ni Abaayo.

Khalid alikuwa wa miaka sita, mpole, na mwenye tabia moja iliyomuudhi dada yake kupita kiasi. Akiwa na wasiwasi alikuja polepole akaegemeza paji la uso kwenye kiwiko cha Anisa, akabaki hapo, amefumba macho. Asubuhi hiyo alikuwa ameshafanya hivyo mara nne, na mara zote nne Anisa alikuwa amemsukuma. "Toka hapo, wewe si mtoto wa kubebwa."

Walikwenda kwa Muthoni, rafiki wa Anisa, aliyeishi na nyanya yake lango la nne kutoka kwao. Muthoni alikuwa na miaka kumi na mmoja na alijiona msafiri mkubwa. Walimkuta tayari ana tochi, kamba ya kufungia ndama na nusu mkate kwenye mfuko wa plastiki.

"Manze, mmechelewa," akasema. "Twende kabla Cucu hajamaliza kukamua."

Lakini Cucu Kabura, nyanya yake, alikuwa ameshawaona. Alikuwa ameketi kwenye kigoda ubavuni mwa ng'ombe, na ndama wake walikuwa wamejipanga kando wakilamba chumvi. Anisa, kama kawaida yake, akanyoosha kidole. "Moja, mbili, ta..."

"Kunja hicho kidole!" Cucu akafoka, na ng'ombe naye akageuka kutazama. "Hapa ng'ombe hahesabiwi, mtoto wangu. Wala mtu. Unamwangalia uso, unamjua, basi."

"Sasa Cucu, akipotea mmoja utajuaje?"

"Mimi nitajua ni nani amepotea. Wewe utajua tu kwamba wamepungua."

Anisa aliona hayo ni maneno ya kizamani. Muthoni akamvuta mkono, akamnong'oneza, "Usijali, Cucu ako hivyo tangu watoke Burnt Forest." Wakaondoka.

Walikokuwa wakienda hapakuwa mbali. Nyuma ya ploti za Kimumu, ukipita ukuta wa mwisho ambao mwenyewe aliishiwa na mawe, kuna uwanja wa nyasi, na katikati ya uwanja huo ardhi imebonyea, duara kabisa, kama mtu aliweka sufuria kubwa juu ya udongo mbichi kisha akaiondoa. Wenyeji wanasema mashimo kama hayo yalikuwa mazizi ya watu wa kale walioitwa Sirikwa. Hilo kila mtu analijua. Lakini Cherono, aliyesoma darasa moja na Muthoni, alikuwa ameongeza na kuapa kwamba chini ya shimo hili pamebaki hazina yao, kengele ya ng'ombe wao kiongozi, na kwamba kengele hiyo ikilia, kilichopotea huitika. Cherono hakusema alijuaje. Muthoni naye hakuuliza, maana maswali mengi huharibu hazina.

Walishuka kwenye shimo. Upande wa chini palikuwa na mawe yaliyopangwa na mikono ya watu, na kati ya mawe, nyuma ya magugu, palikuwa na upenyo wa kumtosha ndama. Muthoni alijifunga kamba kiunoni, akaipitisha kwa Khalid, akamfunga Anisa wa mwisho. Wakaingia wakitambaa.

Khalid alisimama kidogo, akarudi nyuma, paji la uso likagusa kiwiko cha dada yake.

"Mara ya tano," Anisa akasema, akamsukuma aendelee.

Alihesabu alivyotambaa: magoti thelathini na mawili. Kwenye la thelathini na mbili tochi ya Muthoni ikawa haina kazi, kwa sababu mbele palikuwa na mwanga.

Wakatoka kwenye malisho. Nakwambia malisho, si pango. Nyasi zilifika magotini, zina umande, na jua la asubuhi lilikuwa likiwaka kutoka mahali wasipopaona. Ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa wakila taratibu kama ambao hawajawahi kuharakishwa na mtu. Kati yao alisimama mmoja mkubwa kuliko wote, mwekundu aliyeiva, na shingoni mwake ilining'inia kengele nyeusi ya chuma.

"Ngai!" Muthoni akasema. "Cherono hakudanganya!"

Furaha ikikupita kimo huwa jirani ya hofu. Moyo wa Anisa ulianza kwenda mbio, na moyo wake ukienda mbio, kidole chake hakingoji ruhusa. Kilinyooka. "Moja. Mbili. Tatu..." Alifika saba ndipo akaona. Kila ng'ombe aliyeguswa na kidole na namba alififia, akawa ukungu, ukungu ukatambaa chini ya nyasi ukatoweka.

Sasa hofu ikawa hofu kweli. Na unajua mtoto huyu akiogopa hufanya nini. Aligeuka kuwaangalia walio wake, ahakikishe wapo, kidole bado kimenyooka.

"Khalid, moja..."

Kamba ikalegea. Fundo lilikuwa palepale, tupu, likaanguka kwenye nyasi.

Muthoni alimrukia, akakishika kile kidole kwa mikono yake yote, akakikunja kwa nguvu mpaka kikauma. "Nyamaza! Usihesabu tena! Usinihesabu mimi, Anisa, tafadhali!"

Anisa aliita jina la ndugu yake mpaka sauti ikakwaruza. Alipapasa nyasi, akanyanyua kamba, akachungulia ndani ya fundo kama anayetafuta sindano. Hapakuwa na mtu. Saa nane Hooyo angerudi nyumbani, na Anisa angemwambia nini? Akaketi kwenye nyasi.

Ndipo yule ng'ombe mwekundu akaja. Alikuja bila haraka, kengele imetulia shingoni, taya zinazunguka. Alikuwa akicheua.

"Nani amenihesabia watu wangu?" akauliza.

Wewe ungejibu nini? Muthoni, ambaye amelelewa na Cucu Kabura na anajua kwamba mkubwa ni mkubwa hata akiwa na kwato, aliinamisha kichwa. "Shikamoo, Mama. Ni huyu rafiki yangu. Hakujua. Sasa ndugu yake amepotea na ni mdogo sana."

"Hakupotea. Amehesabiwa." Ng'ombe akatafuna kidogo. "Kinachohesabiwa kinabaki namba, na namba haina uso. Siwezi kukurudishia namba. Lakini mimi ni mchungaji wa kale, na sheria ya mnyama aliyepotea naijua. Ukienda kwenye boma la mtu kumdai ng'ombe wako, wanakuambia nini?"

Muthoni alilijua hilo. "Wanasema utaje alama. Kabla hujaonyeshwa."

"Alama tatu," ng'ombe akasema. "Na utaje hima, maana sina siku nzima. Hili tonge ninalocheua ndilo saa yenu. Nikilimeza, mlango wa majina unafungwa, na asiyetajwa atabaki namba."

Anisa akasimama, akajifuta machozi kwa mkono wa sweta. Alama tatu! Mbona rahisi? Huyu alikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

"Ana miaka sita."

"Namba hiyo."

"Yuko gredi ya kwanza."

"Namba tena."

"Tunakaa Kimumu, nyumba ya tisa, na ana meno..." Akajikatiza mwenyewe.

"Nimekuuliza mtoto," ng'ombe akasema, "wewe unanipimia ukuta." Taya zikazunguka. Tonge lilikuwa likipungua, lilionekana shavuni.

"Shati!" Muthoni akamhimiza. "Mwambie amevaa shati gani!"

Anisa akafungua mdomo. Asubuhi ile alikuwa amemvalisha Khalid mwenyewe. Alikuwa amefunga vifungo kuanzia chini kwenda juu, moja mpaka tano, akampiga kofi dogo mgongoni, haya twende. Vifungo vitano, hilo alikuwa na uhakika nalo. Rangi ya shati hakuiona. Alikuwa ameshika nguo ile kwa vidole vyake kumi na hakuiona. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, na nyuma ya aibu ikaja huzuni, na ilikuwa huzuni kubwa kuliko ya kupotelewa.

"Sijui," akasema. "Sijui shati lake."

"Basi taja unachojua."

Anisa akafumba macho. Kidole chake kilitaka kunyooka, akakifumbata kwenye ngumi.

"Chini ya goti lake la kushoto ana kovu," akasema polepole. "Linang'aa, kama limepakwa mafuta. Alilipata kwenye stoo ya duka. Mimi ndiye nilimwambia apande juu ya kreti za soda anipe biskuti, na zikaporomoka. Hooyo alipouliza, Khalid akasema alikuwa anafukuza paka. Alivuja damu mpaka ndani ya soksi na hakunitaja. Sikumwambia asante."

Ng'ombe akapiga ukwato mmoja chini. "Hiyo ni alama."

"Akiwa na wasiwasi huja kuegemeza paji la uso hapa." Akaonyesha kiwiko. "Hasemi kitu. Anakaa tu mpaka roho imtulie."

"Na wewe humfanyaje?"

Machozi yalimshuka Anisa wazi, wala hakuyafuta. "Ninamsukuma."

Watu husema ng'ombe hana habari na machozi ya mtu. Sijui kuhusu wengine, lakini huyu alipunguza kutafuna. "Hiyo pia ni alama," akasema. "Imebaki moja, na iwe ile ambayo hakuna mwingine aijuaye. Tonge limekuwa dogo, binti."

Anisa akafikiri. Hooyo aliyajua mengi ya Khalid. Aabo, dereva wa lori la kwenda Lodwar, naye aliyajua mengine, ingawa alikuwa nyumbani siku chache. Kitu gani kilikuwa cha Anisa peke yake? Walilala chumba kimoja. Basi, wanapolala.

"Kila siku akipanda kitandani huniuliza, 'Abaayo, tuko wote?' Na mimi humjibu, 'Wanne, lala.' Lakini halali. Ananong'ona. Nilidhani ni dua anarudia. Si dua." Akafungua macho. Alikuwa ameyasikia maneno hayo mara ngapi bila kuyasikiliza! "Anasema, 'Hooyo yuko jikoni. Aabo yuko barabarani. Abaayo yuko hapa.' Halafu ananyamaza. Jina lake mwenyewe hasemi. Analisubiri." Akapaza sauti. "Anasubiri mimi nilitaje, na sijawahi. Khalid. Na Khalid yuko hapa. Khalid, ndugu yangu, yuko hapa!"

Kengele ikalia.

Haikuwa sauti kubwa. Ililia kama sufuria nzuri ikigongwa na kijiko, na nyasi zote zikainama upande mmoja. Ukungu ukapanda kutoka ardhini, ukapata mabega, ukapata masikio, na Khalid akasimama mbele yao anakohoa.

"Abaayo, huko ndani kuna baridi," akasema.

Anisa alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Alimgeuza, akamtazama mbele na nyuma, akamwinulia suruali kuona kovu, akalikuta, akacheka huku akilia. Muthoni naye alikuwa akicheka na kulia na kuruka, yote kwa pamoja. Na shati? Lilikuwa la manjano. Lilikuwa shati la Anisa mwenyewe la zamani, lenye kola iliyochakaa upande mmoja, na mfukoni mwake palikuwa na kipande cha biskuti alichokuwa amemwekea dada yake.

"Sasa watu wangu," ng'ombe akakumbusha. Shavu lake lilikuwa karibu tupu. "Saba."

Anisa alishtuka. Alikuwa amewahesabu, hakuwatazama, na hata mmoja asingeweza kumweleza. Lakini Khalid hakuwa mtoto wa kuhesabu, na muda wote ule dada yake akinyoosha kidole yeye alikuwa akikodoa macho.

"Mmoja ana doa jeupe hapa kwa paji, kama amerushiwa unga," akasema. "Mwingine pembe yake moja inaangalia chini. Na kuna mwenye anatafuna upande mmoja tu, labda jino linamuuma. Na ule mama mnene wa kope nyeupe, na ndama wake mwenye anaogopa panzi..."

Aliendelea hivyo, na kila alipomaliza kumweleza mmoja kengele ililia na ng'ombe akainuka kutoka kwenye nyasi, amekasirika kidogo kama mtu aliyeamshwa. Wa mwisho aliposimama, ng'ombe mwekundu akanyoosha shingo.

Akameza.

Watoto wote watatu waliruka. Kisha wakatazamana, na walipoona kwamba hakuna aliyekosekana walicheka mpaka Muthoni akaketi kwenye umande. Roho zao zilitua chini kama mizigo. Si kila siku mtu hupewa nafasi ya kucheka hivyo.

"Na hazina, Mama?" Muthoni akauliza alipopata pumzi, maana msafiri ni msafiri. "Hatuwezi kuibeba kengele? Hata tumwonyeshe Cherono tu?"

"Ukiitoa shingoni mwangu ni chuma," ng'ombe akajibu. "Aliye na alama za watu wake haihitaji. Nendeni, mvua inakuja kwenu, na mimi nina tonge lingine." Akamruhusu Khalid aitikise mara moja, kwa mkono wake, kisha akawasukuma kwa pua mpaka kwenye upenyo. Anisa hakuhesabu magoti ya kurudi. Alikuwa ameshika pindo la shati la manjano.

Walipotoka shimoni, upenyo nyuma yao ulikuwa umejaa udongo, mawe yamekazana kana kwamba hayajawahi kuachana. Mvua ya Agosti ilikuwa imeanza. Walikimbia mpaka kwa Cucu Kabura, wakaingia jikoni wametota chepechepe na matope mpaka kwenye nyusi.

Cucu hakuuliza walikuwa wapi. Alisimama mlangoni, akamtazama kila mmoja usoni, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Kisha akatoa pumzi, akamimina chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati.

"Cucu," Anisa akasema, mikono imezunguka kikombe, "kwa nini wewe hutaki kuhesabu?"

Muthoni akamkanyaga mguu chini ya meza, lakini Cucu hakukasirika.

"Siku tulipokimbia fujo za Burnt Forest tulikuwa kwenye lori, watu wamejaa, na kila mahali kuna moshi," akasema. "Kulikuwa na mwanamume anatuhesabu. Kila akihesabu anapata namba tofauti, na kila namba ikibadilika watu wanalia. Mimi nilifunga masikio nikawa nataja watoto wangu. Ndungu. Wanja. Antony. Mungai. Njia nzima mpaka hapa Eldoret, koo limekauka. Niliyemtaja aliitika." Akaongeza sukari kwenye kikombe cha Khalid bila kuulizwa. "Tulifika wote. Ndiyo sababu."

Mvua ilipiga mabati, jiko likatoa joto. Anisa alijisikia mwepesi, mwepesi na mchovu, kama aliyetua mtungi baada ya kupanda mlima.

Saa nane kasoro Mama Habiba alipiga hodi, mwavuli unatiririka, macho yameshaanza kutafuta. Kidole chake kilikuwa kimenyooka tayari. Anisa aliinuka upesi akakishika, akakikunja taratibu ndani ya kiganja chake mwenyewe.

"Tuko wote, Hooyo," akasema. "Muthoni huyu anamaliza mkate. Cucu yuko hapo kwa jiko. Aabo yuko barabarani. Mimi niko hapa." Akanyamaza kidogo, makusudi, na akamwona mdogo wake ameinua uso kutoka kwenye kikombe, anasubiri. "Na Khalid yuko hapa."

Mama Habiba alimtazama binti yake kama anayeona kitambaa asichokijua dukani mwake. "Haya," akasema. "Alhamdulillahi. Lakini hilo shati la manjano si nililitenga liwe tambara la jikoni?"

"Ni langu la zamani. Linamkaa vizuri," Anisa akajibu.

Cucu alimkaribisha mama akae, mvua ipungue kwanza. Anisa akarudi kwenye benchi. Khalid alisogea, akasogea tena, kisha akaegemeza paji la uso kwenye kiwiko cha dada yake, akafumba macho. Punde alikuwa amelala. Mkono wa Anisa ulianza kuwasha, halafu ukafa ganzi kabisa, na chai yake ilikuwa mbele yake ikipoa. Hakuusogeza.